Omena Yako Imeliwa na Kuku

Kuna kibanda karibu na steji ya kwetu ambapo nimekula tangu nikiwa chuo. Ugali, omena, sukuma pembeni, pilipili ukitaka. Wiki jana mathe akanishukishia sahani mezani. Nikaiangalia, nikamwangalia, akaniangalia. Omena zilikuwa kidogo hadi ungeweza kuzihesabu bila kutumia vidole vya miguu.

"Mathe, hii ni sahani ama ni ya kuonja?"

Akacheka kile kicheko cha mtu ambaye ameulizwa hilo swali mara ishirini tangu asubuhi. "Mwanangu, gorogoro imepanda tena. Nikikuwekea kama zamani, watoto wangu watakula nini?"

Nikala kimya. Lakini nikienda nyumbani swali lilinifuata njia nzima. Kuku kupanda bei naelewa. Nyama, sawa. Lakini omena? Hii si ndio ilikuwa chakula cha mwisho wa mwezi? Si ndio tulikuwa tunaikashifu boarding, ati inakuangalia na macho mia moja? Kitambo mtaani ulikuwa unatuma mtoto na mbao akuletee omena ya familia, na abaki na ya peremende. Sai ukienda na mbao mama mboga anakuuliza kama umepotea.

Kila mtu ukimuuliza ana jibu lake. Mwenye matatu anasema ni serikali. Mathe anasema ni mvua. Mjomba wangu anasema ni Waganda, lakini mjomba wangu husema kila kitu ni Waganda. Nimekaa na hii story kwa muda, nimesoma, nimepiga simu nyumbani Kisumu kumsumbua dani, nyanya yangu, ambaye ameuza omena tangu kabla mamangu azaliwe. Na nimegundua kwamba huwezi kuelewa bei ya hiyo sahani ukianza na mwaka huu. Lazima uanze na reli.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Wakati huo mji uliitwa Port Florence. Kabla ya hapo samaki wa ziwa waliliwa kando ya ziwa. Waliliwa wabichi, waliokaushwa waliendea wale wa mbali kidogo, na basi. Reli ikaleta kitu kipya, yaani mnunuzi ambaye hajawahi kuona hilo ziwa. Miaka minne baadaye, 1905, nyavu za makila kutoka ng'ambo zikaanza kutumika. Kabla ya hizo watu walivua kwa mitego ya matete, ndoana, na vizuizi kwenye midomo ya mito. Nyavu mpya zilikuwa mashine. Unaziacha majini usiku, asubuhi zimejaa ngege.

Hapa nisimame kidogo, ju watu wengi hawajui. Ngege ambaye wazee wa babu zetu walikuwa wanaringa naye siye huyu unayekula leo kwa sahani ukiambiwa ni ngege. Yule wa asili alikuwa tilapia mwingine wa eneo la Ziwa Victoria, na kwa ziwa kuu amekwisha karibu kabisa. Huyu wa sai aliletwa kutoka kwingine miaka ya 1950. Jina lilibaki, samaki akabadilishwa. Kama vile duka la mtaa linauzwa na mwenyewe mpya anaacha ubao uleule juu ya mlango.

Walijua wanamaliza ngege? Walijua mapema sana. Mwaka wa 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alipima samaki ziwa lote, na ripoti yake ikatoka 1929. Akasema ngege wa ghuba yetu wamepungua, na matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi tano. Akaonya pia kuhusu wazo la kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maziwa mengine. Alisema lisifanywe bila utafiti wa kutosha.

Unajua kilichofuata. Sheria ya inchi tano ikafuatwa nusu nusu, baadaye ikaachwa. Nyavu za nailoni zikaja, nyepesi na haziozi haraka. Ngege walipoisha watu wakapunguza matundu. Na kuanzia miaka ya 1950, upande wa Uganda kwanza kisha upande wetu mwanzo wa miaka ya 60, mbuta akatiwa ziwani. Mwanasayansi mwingine, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 akipinga kabisa. Alikuwa amechelewa, samaki tayari alikuwa ndani.

Mbuta ni samaki ambaye anaweza kupita kilo mia moja. Anakula chochote kinachoogelea, hadi watoto wake mwenyewe. Kwa miaka kama ishirini hakuonekana sana. Halafu mwishoni mwa miaka ya 70 ziwa likapinduka. Kulikuwa na samaki wadogo wanaoitwa fulu, aina zaidi ya mia tano, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Fulu ndio walikuwa mboga ya kila siku. Ndani ya miaka kama kumi, aina karibu mia mbili zilikuwa zimepotea ama zimekuwa adimu kiasi cha kutoonekana. Wataalamu wengi husema hakuna upotevu wa wanyama wenye uti wa mgongo wa kasi hiyo uliowahi kushuhudiwa zama zetu. Na ulitokea hapo Kisumu, watu wakipunga upepo Dunga.

Sasa, fulu wakiondoka nani alibaki? Omena. Kijisamaki cha kimo cha kidole, kinachozaana haraka kuliko mbuta anavyoweza kukimaliza, na ambacho sasa hakikuwa na fulu wa kushindana naye chakula. Waganda wanamwita mukene, Watanzania dagaa. Kufikia miaka ya 80, ziwa ambalo lilikuwa na mamia ya aina za samaki lilikuwa linalisha Kenya na aina tatu tu: mbuta, ngege mgeni, na omena.

Shika hiyo. Omena haikuwa chakula cha maskini tangu enzi za mababu kama tunavyodhani. Omena ilikuwa moja kati ya nyingi. Ikawa mboga kuu kwa sababu zile zingine ziliisha.

Viwanda vya minofu vilianza kujengwa Kisumu na kwingine kandokando ya ziwa miaka ya 80. Mbuta ambaye hapo mwanzo watu walimwona ana mafuta mengi na harufu ngeni, sasa alikuwa anapanda ndege. Minofu ikaenda Ulaya, ikaenda Israeli. Na sisi tukabaki na mifupa. Sisemi kwa mafumbo, ni mifupa kweli. Kichwa na uti wa mgongo uliotolewa nyama vikakaangwa na kuuzwa mtaani, na watu wakavipa jina, mgongo wazi. Kama umekulia Nyalenda ama Kibera unajua ladha yake. Mimi napenda mgongo wazi, niseme ukweli, lakini ukifikiria kwamba ni masalio ya chakula cha mtu mwingine unapata hasira kidogo.

Viwanda vilifanya kitu kingine ambacho dani hajasahau. Wanawake ndio walikuwa wanakausha na kuuza samaki. Mbuta alipokuwa mali ya kiwanda, gari lenye barafu lilikuwa linakuja hadi ufuoni na wakala ana pesa taslimu mkononi. Mwanamke mwenye beseni na mtaji wa shilingi mia mbili hakuweza kushindana na hilo gari. "Walituacha na omena," dani aliniambia kwa simu. "Na tukasema sawa. Kiwanda hakiwezi kutoa minofu kwa omena."

Alikosea, lakini si kwa njia ambayo mtu angetabiri.

Acha nieleze kwanza omena inavuliwaje, ju bei nusu iko hapo. Omena huvuliwa usiku, na si kila usiku. Wavuvi huwasha taa na kuziacha zielee. Zamani zilikuwa karabai za mafuta taa, sai wengi wanatumia za betri na sola. Mwanga unavuta wadudu na vijidudu vya majini, omena wanafuata, kisha mashua inakuja na kuzungusha wavu. Sasa mbalamwezi ikiwa kubwa, ziwa lote lina mwanga, na taa yako haina maana. Kwa hivyo kila mwezi kuna siku ambazo hakuna omena ya maana. Ukiona bei imeruka ghafla halafu imeshuka baada ya wiki, usikimbilie kulaumu mtu, angalia juu.

Halafu kuna Aprili. Kenya ina msimu wa kufunga uvuvi wa omena, kutoka Aprili hadi Julai, ndio samaki wapate nafasi ya kuzaana. Wenye maghala wanajua tarehe, kwa hivyo Machi wananunua na kuweka. Na miezi hiyo ya Aprili na Mei ndiyo ya masika, kwa hivyo hata ile inayoingia kutoka nje ya mpaka inakaushwa kwa shida. Omena hukaushwa kwa jua, juu ya nyavu zilizotandazwa chini ufuoni. Mvua ya nusu saa inatosha kuharibu kazi ya usiku mzima. Ikilowa inaanza kunuka, rangi inageuka, na hakuna mtu wa kuinunua kwa chakula.

Lakini kuna mtu wa kuinunua kwa kitu kingine. Na hapa ndipo dani alikosea.

Miaka ya nyuma, omena iliyoharibika, iliyochanganyika na mchanga, ilinunuliwa na watu wa chakula cha mifugo. Ilikuwa takataka yenye bei. Mwuzaji alishukuru, ju angalau alirudisha ya mafuta. Miji ikakua. Nairobi ikaanza kula kuku. Fikiria tu mtaani kwako: maduka ya kuku na chipo yalikuwa mangapi ukiwa darasa la nne, na sai ni mangapi? Kila yule kuku wa gredi analishwa protini ndio akue kwa wiki sita. Yule wa mayai vilevile, na nguruwe. Protini inatoka kwa soya, kwa mashudu ya alizeti na pamba, na kwa samaki waliosagwa. Samaki hao kwa sehemu kubwa ni omena.

Makadirio ya watafiti wengi yanasema zaidi ya nusu ya omena inayovuliwa upande wetu inaenda kwa chakula cha wanyama. Zaidi ya nusu! Na si ile iliyoharibika tu tena. Wakala wa kiwanda cha chakula cha mifugo anaweza kuja ufuoni na lori, ananunua gunia kwa gunia, hachagui mchanga, habishani bei na kila mama mmoja mmoja. Lile gari la barafu la miaka ya 80 limerudi, safari hii bila barafu.

Kisha kuna samaki wanaolishwa samaki. Kwa sababu ngege wa ziwani wamepungua, watu wamejenga vizimba majini, maelfu ya vizimba upande wa Kenya, wengi kuanzia miaka ya 2010. Ukipita Mbita ama Anyanga unaviona vimepangwa kama mtaa. Ngege wa kizimba anahitaji chakula cha vidonge, na katika vidonge hivyo unga wa samaki ni kiungo cha kawaida. Kwa hivyo yule ngege mzuri wa kupakwa nyanya unayempiga picha Jumapili alikula omena wako kwanza.

Sisemi wafugaji ni wabaya. Binamu yangu ana kuku mia tatu Ruai na anahangaika kuliko mimi. Nasema tu kwamba mfuko wa chakula cha kuku na sufuria ya mathe viko kwenye foleni moja, na mfuko una pesa zaidi. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo husikii mtu akiisema kwa redio.

Kuna kitu kingine kinafanya omena iwe tofauti na ngege. Ngege alipokuwa ghali, soko likapata mbadala. Samaki waliogandishwa kutoka China wakajaa Nairobi, hadi mwisho wa 2018 serikali ikajaribu kuwazuia kwa muda kisha ikaachilia. Tuliwalaumu sana wale samaki, na wavuvi walikuwa na sababu ya kulalamika. Lakini waliishikilia bei. Omena haina Mchina wake. Hakuna kontena la omena linalotoka Guangzhou. Ikipungua hapa, imepungua.

Na hapa kwetu ni padogo. Ziwa ni kama kilomita za mraba 68,800, Kenya ina asilimia sita tu. Tanzania ina karibu nusu, Uganda zaidi ya asilimia arobaini. Watu milioni wote hawa wanaokula omena Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu hawawezi kulishwa na asilimia sita. Kwa hivyo gunia nyingi huvuka mpaka. Zinatoka visiwa vya Uganda, zinatoka Mwanza kupitia Sirare. Na sisi si wateja pekee. Soko la Kirumba Mwaloni kule Mwanza linauza dagaa hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Mama wa Gikomba anagombania gunia moja na mama wa Goma, ingawa hawajawahi kuonana.

Sasa weka pesa zetu hapo ndani. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ilifika 160. Shilingi yetu ilianguka mbele ya dola, na ikaanguka mbele ya shilingi za majirani pia. Gunia lilelile, bei ileile ya Kitanzania, lakini ukilipa kwa za Kenya linakuwa zito zaidi mfukoni. Baadaye mwaka huohuo shilingi ikapona, ikarudi karibu 129. Bei ya omena ilirudi? Uliza mathe. Bei za chakula zinapanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi, na mara nyingi zinakaa tu pale juu zikipumzika.

Mafuta nayo. Septemba 2018 mafuta taa yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ati kuzuia watu wasichanganye na dizeli. Mwezi huohuo petroli ikaanza kutozwa VAT ya asilimia 8, na Julai 2023 ikawa 16. Karabai ilikunywa mafuta taa, injini ya mashua inakunywa petroli, lori la kutoka Muhuru Bay hadi Gikomba linakunywa dizeli. Kabla mvuvi alipwe, mafuta yanatolewa kwanza. Kisha mwenye mashua anachukua zake. Wale vijana waliokesha wakivuta wavu wanagawana kilichobaki. Na kwa sababu omena wa karibu na ufuo wamepungua, mashua zinaenda mbali zaidi kila mwaka kuchota kiasi kilekile.

Mwaka wa 2020 ulikuwa na yake. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Sasa jaribu kuvua samaki ambaye huvuliwa usiku pekee. Mei, ziwa likapanda hadi kiwango cha juu kuliko chochote kilichowahi kupimwa, likapita hata rekodi ya 1964. Fuo zikazama. Sehemu za kukaushia zikawa chini ya maji, vibanda vya wauzaji vikaondoka, familia zikahamia shuleni na makanisani.

Nilikuwa nataka kuishia hapo lakini kuna sehemu ya bei ambayo haiandikwi kwa risiti, na nikiiacha nitakuwa nimedanganya.

Samaki wakiwa wengi, mwenye mashua anatafuta wanunuzi. Wakiwa wachache, wanunuzi wanamtafuta yeye. Wanawake ishirini na beseni zao wanangoja mashua moja alfajiri. Nani atapewa? Kwa miaka mingi kwenye fuo zetu jibu limekuwa na jina, jaboya. Mwanamke anakuwa na mvuvi wake, na bei ya kwanza ya samaki inalipwa kwa mwili kabla ya ile ya pesa. Wengine huiita mapenzi, wengine biashara. Wengi wa wanawake ambao wamezungumza hadharani wameiita kulazimika. Kaunti za ziwa, Homa Bay, Siaya, Kisumu, Migori, zimekaa juu ya orodha ya maambukizi ya VVU nchini kwa miaka, na jaboya ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kila mara.

Kule Nyamware, nje ya Kisumu, kundi la wanawake liliamua miaka ya mwanzo ya 2010 kwamba dawa ni kuwa na mashua zao wenyewe. Wakapata mashua kwa msaada, wakaajiri wanaume wavue, wao wakawa ndio mabosi. Ilifanya kazi. Si kwa kila mtu, na mashua nyingine zilichakaa, lakini ilifanya kazi. Kisha yale maji ya 2020 yakaingia kijijini na kufagia nyumba zao.

Nilipomuuliza dani kuhusu jaboya alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Sisi wa zamani tulikuta samaki wengi. Hiyo ndiyo bahati yetu. Hatukuwa wazuri kuliko hawa watoto."

Ndio maana nikisikia msee kwa kibanda anamwambia mathe ati "unatuibia," nataka kumwambia akae chini nimpe hii story yote. Mathe yuko mwisho wa mnyororo ambao una reli ndani yake, una mbuta, una kuku wa Ruai, una dola, una mvua. Yeye ana kijiko tu cha kupunguzia.

Na hiki chakula si cha mchezo. Omena unaila nzima, na kichwa, na mifupa, na yale macho tuliyokuwa tunaogopa. Kalsiamu, chuma, vitamini A, vyote viko pale. Mtoto wa Mathare ambaye hanywi maziwa kila siku alikuwa anapata mifupa yake kutoka kwa omena ya mbao. Omena ikipanda, mama yake hanunui nyama badala yake. Ananunua sukuma peke yake. Kuku anakula samaki ili mtu mwenye mia nne ale kuku, na yule mwenye mbao anakula majani.

Mtu ataniambia suluhisho ni rahisi, tuvue zaidi. Tumefanya hivyo tangu 1905. Wengine wanapendekeza wadudu, wale funza wa nzi weusi wanaofugwa kwa takataka za jikoni, wawe ndio protini ya kuku. Kuna watu wanafanya hivyo Kenya tayari na kuku hawalalamiki. Hiyo mimi naiunga mkono mia kwa mia. Kuna pia meza za kukaushia zilizoinuliwa, na vikaushio vya sola vyenye paa, ili mvua isigeuze chakula cha watu kuwa chakula cha mifugo. Si teknolojia ya mwezini. Ni mbao, wavu, na karatasi ya nailoni. Fuo chache zinazo, nyingi bado zinatandaza chini.

Desemba nilienda Kisumu. Dani hauzi sana siku hizi, magoti yanamsumbua, lakini Jumamosi bado anakaa Kibuye na gunia moja. Ana gorogoro mbili. Kama hujui, gorogoro ni ule mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, ndio kipimo cha soko lote. Ya kwanza ina kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, ili ibebe kidogo. Wauzaji wengi wanafanya hivyo na wanunuzi wengi wanajua. Ni njia ya kupandisha bei bila kutamka bei. Aliigonga 2023, aliniambia bila aibu, mwaka ambao gunia lilimshinda.

Ya pili kitako chake kiko sawa, imeshika kutu pembeni. Nikamuuliza ni ya nini sasa. Mama mmoja alikuwa amesimama hapo na mtoto mgongoni, anahesabu sarafu. Dani akainama chini ya meza, akatoa ile yenye kutu, akampimia.